Nyumba ya Kumi na Moja

Balozi alikuwa na nyumba kumi, na sisi tulikuwa ya kumi na moja. Ndivyo alivyotuhesabu tangu wiki tuliyohamia Majengo hadi wiki tuliyofukuzwa. Mtu akimuuliza nani anakaa kwenye ile nyumba yenye bati jekundu karibu na kisima, alijibu, "Pale hapana mtu. Pale wapo Wachina."

Jina lake silitaji, na hata wakati ule hakuna aliyelitaja. Watu wazima walimwita Balozi, watoto walimwita Bibi Balozi, na mlevi mmoja aliyepita mtaani kila Jumamosi alimwita Serikali. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, yaani msimamizi wa majirani zake, mjane mwembamba mwenye mgongo ulionyooka kama mchi, na Sumbawanga nzima sijaona mtu mwenye mwandiko mzuri kuliko wake.

Baba alimjua kabla ya kumwona, na alimjua vibaya. Baba alikuja Rukwa kama fundi wa mitambo kwenye mradi wa maji. Mradi ulipokwisha wenzake wakarudi China, yeye akabaki, akatuita mama na mimi, akafungua duka la vyombo. Nilipofika miaka tisa akaambiwa kwamba ili nipokelewe shuleni lazima apeleke barua ya balozi. Akafungua kamusi yake ndogo, akalitafuta neno, akashtuka. Kamusi ilisema balozi ni mtu anayeiwakilisha nchi yake katika nchi nyingine. Baba akavaa koti lake la harusi, akachukua kopo la majani ya chai alilokuwa akilitunza kwa ajili ya siku kubwa, akanishika mkono tukaenda.

Tulimkuta mheshimiwa amekaa kwenye mkeka uani, miguu ameinyoosha, anapukuchua mahindi. Baba akainama mpaka kiunoni. Balozi alimaliza kwanza gunzi alilokuwa nalo, kisha akanitazama mimi.

"Huyu ameangusha nini?"

Kiswahili changu kilikuwa cha watoto wa mtaani, lakini kilitosha. Nikamwambia tunaomba barua.

"Jina la mtoto?"

"Mei Lin."

"Hilo si jina. Hiyo ni sauti." Akaandika Melina, kwa ule mwandiko wake mzuri, akapiga mstari chini yake. Jina hilo ndilo lililoingia kwenye cheti changu cha darasa la saba, na ndilo lililo kwenye kitambulisho changu leo. Kopo alilipokea. Wakati tunatoka nilimwona akiwamwagia kuku yale majani.

Nimefikiri sana kwa nini alituchukia, na sipendi kumtafutia sababu nzuri. Ila nitasema niliyoyajua baadaye. Katika miaka ya foleni, kabla hatujaja, sukari na sabuni zilikuwa zikigawiwa kwa orodha ya balozi. Aliyegombana naye alikunywa uji mchungu na kufua kwa maji matupu. Kisha ikaja ruksa, kila mtu akaruhusiwa kuuza na kununua. Maduka yakajaa, na juu ya hayo serikali ikamleta mwenyekiti wa mtaa, mwenye ofisi na mhuri. Wazee wa Majengo waliendelea kwenda kwa Balozi kwa sababu ya mazoea, na yeye aliendelea kuwaandikia barua ambazo ofisini zilipokelewa kwa heshima na kuwekwa kando. Duka letu lilikuwa upande wa pili wa barabara, mkabala na mlango wake. Chupa za chai, mabeseni, miavuli, betri za tochi, kandambili. Asubuhi hadi jioni aliona watu wakiingia na kutoka na vitu mikononi bila kumuuliza yeye.

"Ruksa ni mlango usio na komeo," alipenda kusema. "Hata mbwa anaingia."

Habari ya mbwa, basi. Mtaani walisema Wachina wanakula mbwa, na mbwa wake alipopotea alivuka barabara na fimbo mkononi, akaingia jikoni kwetu bila kupiga hodi. Mama, ambaye hakujua Kiswahili kabisa, alidhani ni mgeni mwenye njaa. Akamfunulia vyungu kimoja kimoja ili achague. Kabichi. Maharage. Wali. Balozi alichungulia vyote, akachochea maharage kwa fimbo ile ile, akatoka. Siku ya tatu mbwa alirudi kutoka upande wa Kizwite na kipande cha kamba shingoni. Mbwa alirudi; yeye hakurudi kusema neno.

Lakini si Wachina wote aliowachukia. Alikuwa na kikombe cha bati chenye maua mekundu, alichopewa marehemu mumewe na Mchina mmoja wakati wakijenga reli kubwa ile inayopita Mbeya, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kukinywea. Akikishika, sauti yake ilikuwa laini. "Wale walikuwa watu," aliwaambia wanawake waliokuja kukaa barazani kwake. "Walilala kwenye mahema kama wetu, wakala vumbi kama wetu. Walikuja na koleo, wakaondoka na koleo." Kisha alielekeza kidevu dukani kwetu. "Hawa wamekuja na mizani."

Na kuna jambo lingine ambalo mpaka leo silielewi. Kila Pasaka alipika wali na nyama, akagawa sahani kwa nyumba zake. Kwetu pia ililetwa. Haikukabidhiwa mkononi, iliwekwa kwenye jiwe mbele ya mlango, ikafunikwa sahani nyingine, na aliyeileta akaenda zake. Lakini ililetwa, kila mwaka, na nyama haikuwa ya mabaki. Hesabu yake ya sahani haikulingana na hesabu yake ya nyumba.

Shuleni waliniita Feki. Kitu chochote kilichokatika, kilichopasuka au kilichofubaa kilikuwa cha Kichina, na mimi nilikuwa wa Kichina. Walinivuta nywele kuona kama zitatoka. Nilijifunza kupigana, nikajifunza Kiswahili, na Kifipa cha kutukaniana nikakijua kabla sijakijua cha kusalimiana. Kufika miaka kumi na miwili nilikuwa mkalimani wa nyumba nzima: hospitali, sokoni, kwa mwenye nyumba, dukani mteja akigomba. Baba aliongea kwa Kichina, mimi nikasema kwa Kiswahili, na watu walinitazama mdomoni kana kwamba maneno yalikuwa yangu.

Rafiki yangu wa kweli alikuwa na miaka minne. Skolastika, mjukuu wa Balozi, alikuwa akilelewa pale kwa sababu mama yake alikuwa mwalimu wa shule ya mbali, kule bonde la Ziwa Rukwa. Skola hakujua kwamba mimi ni Feki. Alivuka barabara peke yake, akanyoosha mikono, nikamfunga mgongoni kwa kanga ya mama, tukazunguka Majengo yote. Balozi aliona, akanuna, akaacha.

Aliacha mpaka aliporudi kutoka Dar es Salaam. Alikuwa ameenda kwa mwanawe kukaa miezi miwili. Akarudi baada ya wiki mbili. Jioni ile wanawake wakajaa barazani kusikia habari za mjini. Nilikuwa nimesimama pembeni, Skola amelala mgongoni kwangu, na nilisikia yote.

Alisema jirani wa mwanawe alikuwa mtu mwema, alimsalimia vizuri, akampakatisha mtoto wake mchanga. Kisha akamuuliza, mama umetoka wapi? Akajibu, Sumbawanga. Yule dada akacheka kidogo, akasema kumbe, akamchukua mtoto wake kutoka mapajani kwa Balozi, akaingia naye ndani. Siku zile zote zilizobaki hakumtoa tena nje.

Kila Mtanzania anaujua mzaha ule. Jina la mji wetu, ambalo Wafipa wenyewe husema maana yake ni tupa uchawi, wengine wamelipindua wakatufanya wachawi sote.

"Mimi sijaroga hata kuku," Balozi alisema. Nilimsikia sauti ikikatika, jambo ambalo sikuwahi kulisikia. "Mtu hajanijua. Hajala kwangu. Ananinyang'anya mtoto kama nina ukoma."

Wanawake wakasikitika. Mmoja akamshika mkono. Balozi akajifuta macho kwa pembe ya kanga, akainua kichwa, akaniona.

"Wewe. Mshushe mtoto wangu," alisema. "Usimbebe tena."

Nikamfungua Skola, nikamweka chini. Alilia, nami nikavuka barabara.

Mwezi uliofuata Skola aliungua. Ilikuwa asubuhi ya baridi, upepo wa milima ya Mbizi ukipita kwenye mapengo ya madirisha, na tulisikia ukelele ule tukiwa tunafungua duka. Baba alikimbia. Watu walikuwa wamekwisha kumzingira mtoto, na mkono wake wa kulia, kutoka begani hadi kwenye kiwiko, ulikuwa umebadilika rangi. Walimkimbiza hospitali. Kufika mchana habari ilikuwa imefika mpaka Katandala: chupa ya chai ya Mchina imempasukia mjukuu wa Balozi.

Jumapili, baada ya misa, likaitwa baraza mbele ya nyumba yake. Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo, lakini alikaa pembeni kama mgeni. Nadhani watu walikuwa zaidi ya mia. Vijana kadhaa walisimama upande wa duka letu, na mmoja wao alikuwa akirusha jiwe juu na kulidaka, juu na kulidaka. Mama alibaki ndani amefunga mlango. Baba na mimi tukasimamishwa katikati.

Balozi alitoa chupa kutoka kwenye kitambaa. Ilikuwa yetu kweli, ya bluu yenye picha ya tausi, tuliuza nyingi. Ubavuni ilikuwa imebonyea vibaya. Aliinyanyua juu watu wote waione.

"Nilinunua kwa hawa," alisema. "Nikatia maji ya moto. Mtoto akapita. Ikapasuka. Mimi sina zaidi."

Watu wakaguna. Mtu mmoja nyuma akasema, "Leo mtoto, kesho watatuua sote."

Baba akanyoosha mikono miwili kuiomba chupa. Balozi alisita, kisha akampa, kwa sababu watu wote walikuwa wakitazama. Baba akaisogeza sikioni, akaitikisa polepole.

Chupa ya chai ina kioo ndani. Ikipasuka, ukiitikisa utasikia vipande vikichakarika. Ile haikutoa sauti. Nilikuwa nimesimama karibu nayo kuliko mtu mwingine yeyote, na haikutoa sauti kabisa.

Baba akanigeukia. Aliongea kwa utulivu, kama anavyoongea fundi. "Waambie kioo cha ndani ni kizima. Chupa hii haikupasuka. Imepigwa na kitu kwa nje. Waambie waifungue waone wenyewe. Halafu uwaulize hayo maji yalitoka wapi."

Nilimtazama Balozi. Mikono yake ilikuwa ndani ya kanga na macho yake yalikuwa juu yangu. Nyuma yake yule kijana alikuwa ameacha kulirusha jiwe, amelishika. Nilijua nikiyasema yale, nitakuwa nimemwita Balozi mwongo mbele ya nyumba zake kumi na mtaa mzima. Ningependa kusema niliogopa tu. Niliogopa, ndiyo. Lakini pia nilitaka yaishe, nilitaka watu waache kunitazama, na mahali fulani ndani yangu nilidhani nikiwa mpole nitarudishiwa Skola.

"Baba anasema anaomba msamaha," nikasema.

Watu wakashusha pumzi. Balozi akaichukua chupa mikononi mwa baba, akaifunga tena kwenye kitambaa.

Baba hakujua Kiswahili kingi, lakini msamaha alilijua. Ni neno la dukani, unalisikia kila siku. Alinitazama kwa muda ambao sitausahau, wala hakufungua mdomo tena.

Mwenye nyumba alitupa wiki moja. Baba alinunua dawa ya kuungua, akaipeleka kila asubuhi. Balozi aliipokea dirishani bila kumtazama usoni. Tulihamia Katandala, na duka likawa nusu ya lile la kwanza, kwani nani anunue chupa kwa mtu aliyekiri? Mambo ya kutafsiri baba hakuniomba tena. Alikwenda hospitali na kamusi yake, akaelekeza kwa kidole. Baada ya miaka miwili alirudi China kuwauguza wazazi wake, na hakurudi kwetu. Mama alikataa kumfuata. Alisema amekwisha kuhama mara moja, inatosha. Mimi nilikua, nikasoma nilipofikia, duka la vyombo likageuka la vipuri vya pikipiki, nami ndiye ninayelishika mpaka sasa.

Skola alikua pia. Akawa fundi cherehani, mwenye mikono mirefu kwenye kila gauni hata mwezi wa kumi joto linapobana. Kwa miaka yote hiyo akiniona sokoni alibadili njia. Mama alisema nimwache, amelelewa hivyo.

Ndiyo maana nilishtuka mwaka juzi aliposimama mlangoni pa duka langu.

"Dada Melina, bibi anakuita."

"Ananiita mimi?"

"Amesema nimlete Mchina wa Katandala. Mchina ni wewe."

Balozi alikuwa kitandani, kwenye chumba cha mbele, dirisha limefunguliwa upande wa barabara. Mgongo ule ulikuwa umekubali kulala. Macho yake yalikuwa na ukungu, lakini alinigeukia nilipoingia.

"Shikamoo, Balozi."

"Marahaba. Umenenepa." Akamwambia Skola aende akanunue sukari. Skola alisema sukari ipo. "Kanunue nyingine," alisema Balozi, akangoja mpaka nyayo zikaisha.

"Nimeungama," akaniambia. "Padri amesema nirudishe nilichoiba. Nikamwambia mimi sijaiba kitu cha mtu. Akasema jina la mtu ni kitu. Basi kaa usikilize, sitarudia."

Nikakaa kwenye kigoda.

"Ilikuwa sufuria. Nilikuwa naipua maji ya ugali, nikateleza. Mtoto alikuwa nyuma yangu."

"Na chupa?"

"Chupa niliigonga kwa mchi." Alipumzika kidogo. "Mama yake alikuwa ameniambia mara mbili. Mama, macho yako yamechoka, utakuja kumchoma mtoto, nitamchukua. Ningebaki na nani? Nyinyi mlikuwa pale mbele ya mlango. Hata kueleza sikuhitaji. Nilisema Mchina, watu wakamalizia wenyewe."

Nilitazama nje ya dirisha lake, ng'ambo ya barabara, pale duka letu lilipokuwa.

"Baba yako alipoitikisa ile chupa nilijua nimekwisha," akaendelea. "Alijua. Na wewe ulijua, nilikuona. Halafu ukasema anaomba msamaha." Alitikisa kichwa kwenye mto kama mtu ambaye bado haamini. "Mimi nilisema uongo mmoja. Wewe ukaupigia mhuri."

"Nilikuwa mtoto."

"Ulikuwa mtoto. Sikulaumu. Nakwambia tu tulikuwa wawili." Akavuta blanketi. "Basi. Nimemaliza. Skola hajui, na hutamwambia. Padri amesema nikwambie wewe. Yeye hakumtaja."

Skola alirudi na sukari, akatutazama mmoja mmoja. "Mmeongea nini?"

"Mambo ya zamani," alisema Balozi.

Ningeweza kunyamaza. Ilikuwa rahisi kama ile mara ya kwanza, na sababu zilikuwepo: mzee anakufa, msichana anampenda, nani atafaidika? Nilisimama, nikamwambia Skola yote. Nilisema sufuria, nilisema mchi, nilisema mama yake na macho yaliyochoka, kwa maneno yale yale ya bibi yake, sikuongeza wala sikupunguza. Kisha nikamwambia na langu, lile la msamaha.

Skola hakutikisika. Kifuko cha sukari kilikuwa bado mkononi.

"Huyo ni Mchina," alisema Balozi kutoka kitandani. "Utamwamini?"

"Sijamuuliza yeye, bibi. Nakuuliza wewe."

Balozi aligeuza uso dirishani. Nje pikipiki ilipita, ikafuata nyingine.

"Weka chai," alisema mwishowe. "Mgeni hajanywa kitu."

Sikukaa kunywa chai ile. Skola alinisindikiza mpaka barabara kubwa, akitembea nusu hatua nyuma yangu. Tulipofika kwenye kona alisimama.

"Baba yako yupo hai?"

"Yupo."

"Ana simu?"

Kule kwao ilikuwa usiku tayari, lakini nilipiga. Baba aliitikia haraka, akidhani mama anaumwa. Nikamwambia kuna mtu anataka kuongea naye, nikaweka sauti ya nje, nikaishika simu katikati yetu.

"Mwambie mimi ndiye yule mtoto," Skola alisema. "Mwambie niliunguzwa na maji ya sufuria. Chupa yake ilikuwa nzima. Mwambie nimejua leo, na kwamba miaka yote hii nilikuwa nawachukia bure."

Nilitafsiri neno kwa neno. Kichina changu kimechakaa, hivyo nilikwenda polepole, na nilipokosa neno nililizunguka mpaka nikalipata. Nilipomaliza, nilisikia televisheni nyuma yake, watu wakicheka, kisha akaizima.

"Hayo ameyasema yeye," aliniuliza, "au ni wewe?"

Skola alikuwa akinitazama mdomoni, akingoja nimwambie baba amejibu nini.